Fundi, pontuni yangu ilalie mabomba au ibebwe sakafu?

Mwezi huu meseji zimekuja za maji tupu, sijui kumetokea nini. Nimezoea maswali ya mashine za kukoboa mpunga na pampu za umwagiliaji za kule Usangu, safari hii ni maboti. Sawa, twende nayo.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina vyumba vya wageni huku Matema. Mwaka jana tulinunua boti ya pontuni ya mtumba, imetoka Marekani, futi 24, ina mabomba mawili ya alminiamu chini na injini ya hp 90 nyuma. Ilishuka Dar ikapandishwa semi mpaka huku, ile kushuka mlima wa Tukuyu nilifumba macho. Sasa hivi inalala majini tumeifunga kamba na kila asubuhi tunakuta imejigonga, nataka nitengenezewe lifti ya kuinyanyua juu ya maji ikae salama. Fundi wa kwanza kasema inyanyuliwe kwa chini ya mabomba. Wa pili kasema hapana, mabomba yatabonyea, ibebwe chini ya sakafu. Wote wanaongea kwa kujiamini na wote wanataka advansi. Nimsikilize yupi? — Mama wa Matema

JIBU: Marahaba mama, na pole, najua hela ya hiyo boti haikuokotwa barabarani.

Nikuambie kwanza kwamba hao mafundi wako hakuna mwongo, lifti za namna zote mbili zipo na kule zilikotoka hizo boti watu wanatumia zote. Ila kwa boti yako mimi nasimama na yule wa kwanza. Fikiria hivi, boti ikiwa majini nani anaibeba? Maji. Na maji yanaishika wapi? Kwenye mabomba, kuanzia pua mpaka nyuma. Sakafu, viti, injini, wageni wako kumi na mbili na kreti zao za soda, uzito wote unashuka kupitia zile chaneli, yaani mihimili iliyolala kukatiza chini ya sakafu, unaingia kwenye mabraketi yaliyochomelewa juu ya bomba, unaishia kwenye bomba. Ndo njia ya uzito aliyoichora aliyeitengeneza. Ukiilaza boti kwenye mbao ndefu chini ya mabomba unaiga maji tu, boti haijui kama imetoka ziwani. Ukiibeba sakafuni umegeuza njia, sasa ni mabomba yanayoning'inia kwenye mabraketi. Braketi zima linavumilia, sikatai, ila boti ya mtumba ambayo hujui ilipita mikono mingapi, na pengine bomba moja lina maji ndani, hapo unaomba balaa.

Na hilo la maji ndani usilichukulie poa. Leo jioni nenda kaipige boti yako kwa kifundo cha kidole, kama unavyobisha hodi, anza mbele nenda nyuma taratibu kwa upande wa chini. Bomba kavu linaitika kama debe tupu, penye maji sauti inakufa, inakuwa dup dup. Bomba likiwa na lita 100 hizo ni kilo 100 ambazo hazimo kwenye hesabu ya fundi yeyote kati ya hao wawili.

Sasa nikusimulie kosa langu mwenyewe ili usidhani naongea kwa kusoma. Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea mteja kitanda cha kubebea pontuni kwa sakafu, nilikuwa nimeona picha nikajiona nimeelewa. Nikaweka mbao mbili katikati katikati, yaani mbali na mabomba, kwa sababu pale ndo kulikuwa na nafasi ya kupita bila kugusa kitu. Tukaanza kuzungusha winchi, boti ikatoka majini vizuri, watu wakapiga makofi, afu nikasikia ka! Kimya. Afu ka! nyingine. Nikachungulia kwa chini nikaona chaneli ya tatu imepinda kama upinde, na juu sakafu imeinuka mpaka mlango wa uzio wa boti haufungi. Kumbe hata ukibeba kwa sakafu, mbao zinatakiwa zikae karibu kabisa na bomba kwa upande wa ndani, pale braketi lilipo, ili chaneli isibebe kitu kwenye tumbo lake. Chaneli zile nilizilipia mimi.

Na kwa boti yako kuna sababu nyingine. Pontuni nyingi za Marekani zina bati jembamba limefunika chini ya sakafu kuzuia maji yasirukie juu, na nyuma ya hilo bati ndo kumepita nyaya na mpira wa mafuta. Mbao ya lifti ikibana hapo huoni kitu mpaka siku injini inakataa kuwaka. Kwa hiyo yule fundi wa pili muulize swali moja tu, je umelala chini ya boti yangu ukaona kuna nini? Kama hajalala, advansi yake asiione.

Hofu yake ya mabomba kubonyea ina ukweli lakini. Bomba linabonyea pale unapolilaza kwenye vipande vifupi viwili vitatu, uzito wote ukakaa kwenye eneo la kiganja. Dawa ni urefu. Mbao za kulalia ziwe ndefu, mi nataka zikaribie urefu wa bomba lenyewe, na zisipungue theluthi mbili. Chini kabisa ya bomba utaona kuna ukanda mnene umechomelewa kama uti wa mgongo, huo ndo ukae katikati ya mbao. Wengine wanaweka mbao mbili kwa kila bomba zikae kama herufi V, boti ikishuka inajielekeza yenyewe, naipenda hiyo kwa huko kwenu kwenye upepo. Na ukipima upana, pima uti mpaka uti, usipime nje mpaka nje, maana kosa la sentimita tatu pale linatosha bomba kukaa ukingoni mwa mbao.

Uzito sasa. Usikubali mtu akwambie "boti hii tani moja hivi". Tufanye hesabu ya kwenye meza. Boti yenyewe ya futi 24 ya mabomba mawili tuseme kilo 1,050, lakini tafuta kibati cha mtengenezaji ndani ya boti usome yenyewe. Injini ya hp 90 inacheza kwenye kilo 165. Mafuta lita 100 ni kama kilo 75, petroli ni nyepesi kuliko maji. Betri, nanga, maboya, kamba, jiko la kuchomea samaki ambalo najua mnalo, weka kilo 150. Tayari ni 1,440. Ongeza robo ya kujihami inafika 1,800. Hapo ndo unamwambia fundi nataka lifti ya kubeba kilo 1,800, na kama unanunua ya dukani iliyoandikwa kwa paundi ujue paundi 4,000 ni kilo 1,814, ndo hiyo hiyo. Ya paundi 3,000 ni kilo 1,360, itanyanyua siku ya kwanza na ya pili, ya tatu sijui.

Robo ya kujihami ina maana zaidi huko kwenu Kyela kuliko sehemu nyingine kwa sababu ya mvua. Huko mnapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na siku nyingine inashuka usiku kucha. Turubai la kufunikia boti likilegea likashika dimbwi la mita mbili kwa mbili kina sentimita kumi, hilo dimbwi ni kilo 400 mama, tena liko juu, boti inalala upande. Weka mti wa kuinua turubai katikati kama hema.

Kingine, injini iko nyuma, kwa hiyo katikati ya boti kwa futi siyo katikati kwa uzito. Boti ikae kwenye lifti imesogezwa mbele kidogo ili ule uzito wa nyuma uingie kati ya nguzo. Inyanyue kiganja kimoja tu juu ya maji siku ya kwanza, simama, angalia kama nyuma inazama kuliko mbele, shusha, sogeza, rudia. Ukishapata pale weka kizuizi mbele ili kila siku boti igote hapo hapo hata akiileta kijana mgeni. Na weka nguzo mbili ndefu za kuongozea kwa nyuma, maana pontuni iko juu kama kibanda, upepo unaisukuma utakavyo na ukikosa nguzo utaingia mshazari.

Haya, nimefika kwenye kitu ambacho hukuuliza, na nadhani ndo kikubwa kuliko vyote. Hiyo lifti unataka kuisimika wapi? Kama ni pale ufukweni wazi mbele ya vyumba, mimi nasita. Ziwa Nyasa linaenda kusini zaidi ya kilomita 500 na nyie mko kwenye pembe ya juu kabisa, sasa kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane ule upepo wa kusini, mwera, unasukuma maji njia nzima hiyo mpaka kwenu. Wewe mwenyewe umeyaona mawimbi yake. Lifti ya nguzo nne inapenda maji yaliyotulia, wimbi likifika kwenye mabomba linainua boti na kuidondosha juu ya mbao, inainua na kuidondosha, usiku mzima. Afu ule mchanga wa Matema unaowapendeza wageni unachimbika chini ya nguzo, asubuhi mguu mmoja umezama. Kila mguu unahitaji sahani pana ya chuma chini. Lifti na boti jumla kilo 2,200 gawa kwa nne ni 550 kwa kila mguu, kwenye bomba la inchi nne bila sahani unabana mchanga kwa kilo tano na zaidi kwa kila sentimita ya mraba, ukiweka sahani ya sentimita 45 kwa 45 inashuka mpaka kama robo kilo tu. Tofauti ya kisigino cha kiatu cha harusini na kandambili.

Maji nayo hayakai mahali pamoja. Kwa mwaka wa kawaida ziwa linapanda na kushuka kama mita moja, mvua zikiisha mwezi wa nne wa tano liko juu, mwezi wa kumi na moja liko chini. Na kuna miaka linazidi, wazee wa Kyela wanaikumbuka ile 1979 na 1980. Miguu iwe ya kurefusha na kufupisha kwa pini, siyo ya kuchomelea moja kwa moja. Lifti ili iizamie boti inahitaji fremu yake, mbao, na kina cha boti yenyewe, kama sentimita 90 hivi kwa uchache, kama mwezi wa kumi na moja hapo mahali pana maji ya magotini basi utakuwa na lifti ya miezi sita.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi: hela ile ile, mbao zile zile ndefu za kulalia mabomba, ila nizifunge juu ya toroli la magurudumu linalopita kwenye reli mbili za chaneli kutoka majini mpaka nchi kavu, na winchi juu nimeifunga kwenye zege. Mwera ukianza boti inapanda juu inalala kama ng'ombe. Hakuna nguzo za kupigwa na wimbi, na maji yakipanda au kushuka we unaongeza tu au kupunguza safari ya toroli. Kabla hujamwaga zege lolote pita ofisi ya halmashauri na ya bonde la maji pale Tukuyu, maana sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa, na hayo siyo mambo ya kuja kuambiwa ukishamaliza. Na kama mtu atakushauri uifiche boti mdomoni mwa Lufilyo kwa sababu kumetulia, ni kweli kumetulia, ila waulize wenyeji habari za mamba kabla hujawatuma vijana wasimame kwenye maji ya kiunoni wakafunge bolti.

Winchi iwe na breki. Ile ya kuzungusha kwa mkono isiyo na breki mkono ukiteleza gurudumu linarudi lenyewe, nina rafiki ana vidole vinne na hakuzaliwa hivyo. Na asipite mtu chini ya boti iliyonyanyuliwa, hata kuokota ndala.

SWALI: Kamwene fundi! Nipo Mafinga, nauza mbao. Kuna mteja anatengeneza kitanda cha boti ya alminiamu, anataka mbao zisizooza nikampa zile za dawa, za kijani. Karudi analalamika eti nimemuuzia sumu ya boti. Ni kweli au anatafuta punguzo? — Muuza mbao

JIBU: Kamwene kaka. Punguzo anaweza kuwa anatafuta, lakini kwenye hili yuko sahihi.

Ule ukijani wa mbao za dawa unatokana na shaba iliyomo kwenye dawa. Shaba inaua kuvu ndo maana nguzo ya mlingoti, yaani mkaratusi, inakaa ardhini miaka na miaka. Ila shaba ikigusana na alminiamu pakawa na maji kati yao umetengeneza betri bila kujua, na kwenye hiyo betri anayeliwa ni alminiamu. Utaona unga mweupe kama sembe kwenye sehemu iliyolala, ukiufuta chini yake kuna vishimo kama vya sindano, na kishimo kimoja kikitoboka ndo lile bomba la sauti ya dup dup.

Watu wanavisha kapeti juu ya mbao wakidhani wamemaliza. Kapeti ndo mbaya zaidi, linashika maji wiki nzima, linanuka kama mbwa aliyelowa, na dawa inapenya kupitia humo. Mwambie mteja asitupe mbao. Achukue pipa la plastiki la bluu, yale magumu ya lita 200, alipasue, akate mikanda ya upana wa mbao, akiianika juani wakati wa mchana inalainika inanyooka, afu aigongee juu ya mbao kwa skrubu za chuma kisichopata kutu, na vichwa vya skrubu avizamishe ndani visikwaruze bomba. Plastiki haishiki maji na boti inateleza vizuri. Inateleza vizuri mno, ukweli, kwa hiyo kwenye toroli lenye mteremko boti ifungwe kamba mbele kwanza ndo mengine yafuate.

Kama anaogopa kabisa dawa basi atumie mlingoti mkavu usio na dawa, akubali kubadilisha baada ya miaka michache. Wewe unauza zote, sioni hasara yako iko wapi.

SWALI: Fundi habari. Sisi ni kikundi, tuko Mtera upande wa Iringa, tumejiundia pontuni yetu ya mapipa 12 ya plastiki na fremu ya mbao juu. Tumesoma habari za lifti, na sisi tufunge nguzo majini? Na tuinyanyue kwa mapipa au kwa fremu? — Kikundi, Mtera

JIBU: Nguzo msahau. Bwawa la Mtera likijaa linafika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni 690, hiyo ni tofauti ya mita nane na nusu, na kwa vile ardhi ya pale ni tambarare, maji yakishuka yanawakimbia hatua mia kwa mia. Mtasimika lifti mwezi wa tano, mwezi wa kumi na moja itakuwa imesimama kwenye tope mbuzi wanajikunia. Kitu chenu kiendelee kuelea kimefungwa nanga mbili, mkitaka kukitoa kivuteni juu ya magogo ya kuviringisha.

Swali la pili ni zuri, na jibu lake ni kinyume na nililompa mama wa Matema. Nyie beba kwa fremu. Mapipa yenu hayajachomelewa na kitu, yamefungwa kamba, na pipa la plastiki limeundwa kusukumwa na maji pande zote, siyo kukalia mbao nyembamba. Mkililaza juani likiwa limebeba uzito kwa wiki mbili linakuwa umbo la yai, kizibo kinalegea, siku ya kurudi majini linakunywa. Magogo yapite chini ya boriti za fremu, mkate nafasi katikati ya mapipa, mapipa yaning'inie bila kugusa chini. Kila pipa likiwa la lita 200 linaweza kubeba kama kilo 190 likizama lote, 12 ni 2,280, lakini msipakie zaidi ya nusu ya hapo, mnahitaji nusu nyingine pipa moja likitoboka na watu wote wakikimbilia upande mmoja kuangalia.

SWALI: Fundi, pontuni yenye mabomba matatu nayo inatumia kitanda kile kile? Nimekutumia na picha ya weldi. — Kijana wa Uyole

JIBU: Siyo kile kile. Bomba la katikati mara nyingi linashuka chini kidogo kuliko ya pembeni, kwa hiyo kitanda cha mabomba mawili kikiwa na mbao za kimo kifupi lile la kati litagota kwenye chuma cha fremu kabla ya pembeni kukaa, na boti nzima itabebwa na bomba moja. Inua mbao za pembeni mpaka mkono wako upite chini ya bomba la kati. Na usijaribu kuibeba kwa sakafu, nafasi ya kupitisha mbao hapo ni ndogo mno. Ile picha uliyotuma ya weldi haionekani, ipige tena mchana, na uweke kitu kando yake nijue ukubwa, hata kiberiti.